Mteremko wa Kuazima

Mteremko ulikuwa umeshatoka namba tisa. Wanaume sita walikuwa wameubeba mabegani kama jeneza la mtu mnene, wanavuka nao barabara kwenda namba kumi. Nyuma yao, hatua hamsini hivi, alikuja Bwana Ndimbo, Mkaguzi wa Kufikika, akitembea polepole kwa adabu. Bwana Ndimbo alikuwa muungwana. Wabebaji walipochelewa kuuweka sawa aliinama kufunga kamba za viatu, ingawa siku zote alivaa makubazi. Kisha huinuka, hufika mlangoni, huuona mteremko, na hushangaa kwa furaha ileile aliyoshangaa nayo kwenye nyumba iliyotangulia. Halafu hupiga muhuri.

Asiyeijua nchi ile atadhani ni udanganyifu. Wala. Sheria ilitaka kila nyumba iwe na mteremko wa kupitisha viti mwendo siku ya ukaguzi, na siku nyingine haikuzitaja. Serikali nayo, kwa kuwaonea huruma wananchi, ilikuwa imetengeneza mteremko mmoja wa mbao, wa rangi ya bluu, kwa ajili ya Maonyesho ya Taifa. Maonyesho yalipokwisha mteremko ukaanza kutembea. Ulipita mji mzima toka upande wa mashariki, nyumba kwa nyumba, ukagongwa mihuri mpaka ile bluu ukaitafuta kwa kuchungulia. Nyumba iliyopata muhuri ilipewa Cheti cha Kufikika, na mwenye Cheti cha Kufikika ndiye aliyeruhusiwa kuomba kibali cha umeme. Asiye nacho alikatiwa. Mtu atauliza kiti mwendo kinahusiana nini na balbu. Swali hilo liliwahi kuulizwa bungeni, na aliyeuliza akapewa ubalozi mbali kabisa.

Sasa kulikuwa na desturi, na desturi hii haikuandikwa popote, kwa hiyo ilifuatwa. Mteremko haukuchukuliwa hivihivi. Mwenye nyumba inayofuata alipaswa kwenda mwenyewe, asimame chini ya nyumba ulipo, majirani wakisikia, aseme: “Nyumba yako imefikika kuliko yangu. Nipe nami nifikike.” Maneno manane tu. Wapo waliosema kwa kucheka, wapo waliosema kwa kukohoa. Mwanamke mmoja wa namba nne aliyasema amegeuka ukutani. Lakini waliyasema.

Mtaa wenyewe uliitwa Mtaa wa Mafanikio na ulikuwa na nyumba kumi na mbili. Namba kumi na moja ilikuwa ya Bwana Shekiondo. Namba kumi na mbili, mkabala wake, ilikuwa ya Kibwana Chambuso, mshona magodoro.

Kibwana alisimama kwenye ngazi za nyumba yake, ana sufi kichwani na kwenye nyusi, akautazama mteremko ukipanda kwa Shekiondo. Akamtazama Mkaguzi akishangaa. Akausikia muhuri. Kisha mtaa mzima ukageuza shingo kumwangalia yeye.

“Jirani,” Shekiondo akamwita toka barazani, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kula. “Nakusubiri wewe tu.”

Kibwana alishuka ngazi. Akavuka barabara. Akasimama chini ya ile nyumba, akafungua mdomo.

“Nyumba yako,” akasema.

Watu wakangoja.

“Nyumba yako ina milango,” akasema Kibwana, akageuka akarudi kwake.

Bwana Ndimbo alimpa nafasi. Alifunga kamba zisizokuwepo za kiatu cha kulia, kisha za kushoto, kisha akarudia cha kulia. Mwisho alivuka, akazitazama zile ngazi saba za namba kumi na mbili kama mtu anayesoma barua ya msiba, akachora alama nyekundu mlangoni. Saa nane mchana umeme ulikatwa. Kazi nyingine zote serikali ile iliwahi kuzichelewesha, lakini hiyo haikuichelewesha hata siku moja.

*

Inafaa kusema kwa nini maneno manane yalimkwama mtu mzima kooni.

Kibwana alikuwa na mke, Bi Sikitu, fundi redio. Mtaani walimwita fundi redio lakini alitengeneza chochote chenye waya: pasi, feni, majiko, na mara moja kengele ya kanisa ambayo ilikuwa ikilia yenyewe. Miaka mitatu nyuma maradhi yalimshika kiunoni, akaamka miguu haisikii. Wakampatia kiti mwendo. Kiti kilikuwa chini ya ngazi kimefungwa mnyororo kwenye nguzo, naye alikuwa juu. Basi kila asubuhi Kibwana alimchukua mgongoni, ngazi saba, akamweka kitini. Na kila jioni, ngazi saba, akamrudisha. Ikiwa anataka kwenda dukani, mgongoni. Ikiwa amesahau koleo ndani, mgongoni.

Watu walimsifu mno. Walisema hawajaona mume kama yule. Kibwana akisifiwa alisema ni wajibu tu, akatafuta sababu ya kupita tena pale wanaposifu. Miaka thelathini alikuwa ameishi na mwanamke asiyehitaji msaada wa mtu, mwanamke anayekata waya kwa meno huku akikueleza makosa yako. Sasa hakuna mahali alipokwenda ambapo yeye Kibwana hakupajua.

Shekiondo naye alikuwa amenunua namba kumi na moja mwaka uliopita tu. Lakini jina lake Kibwana alilijua zamani. Huyu ndiye aliyepeleka posa kwa Bi Sikitu kabla yake, na baba wa binti akamkataa kwa sababu nyumba yake wakati ule haikuwa na mlango, ilikuwa na pazia. Siku ya kuhamia, Shekiondo alivuka barabara kusalimu, akasema, “Shemeji, sasa milango ipo sita.” Bi Sikitu alicheka. Kibwana alikihesabu kicheko kile, na akaendelea kuvihesabu vingine.

Umeme ulipokatwa, kazi ya Bi Sikitu ilisimama. Huwezi kuyeyusha risasi ya kuungia nyaya kwa jua. Siku ya tatu Shekiondo akatuma salamu kwamba baraza lake lina soketi nne hazina kazi, na mteremko bado upo mlangoni kwake kwa sababu aliyepaswa kuja kuuchukua hajaja. Shemeji akipenda aje afanyie kazi pale.

Bi Sikitu alipenda.

Ndipo Kibwana Chambuso alipoanza kufanya jambo ambalo mtaa mzima uliacha shughuli zake kulitazama. Kila asubuhi alimbeba mke wake mgongoni, akashuka ngazi saba, akamweka kitini, akavuka naye barabara. Pale kwenye mteremko Bi Sikitu alimwambia, “Hapa niache.” Akashika magurudumu yake mwenyewe, akapanda taratibu, akafika juu, na hakugeuka nyuma. Kibwana alibaki chini ameshika begi la koleo.

*

Toka dirishani kwake aliona kila kitu. Aliona kikombe cha chai kikija. Kesho yake kikombe kilikuja na kisahani. Siku ya nne kisahani kikaja na kitumbua. Kibwana alishona godoro la mteja mmoja huku anatazama, akalijaza sufi upande mmoja tu, na mteja akalala miezi miwili kama mtu anayeteleza toka mlimani.

Alihesabu vicheko. Jumatatu vilikuwa vitano. Jumanne tisa. Jumatano Shekiondo alileta redio iliyoharibika, na Kibwana alikuwa tayari kuapa kwamba redio hiyo iliharibiwa makusudi.

Redio ilipopona, ya kwanza kusikika ilikuwa sauti ya Waziri wa Kufikika na Umeme. Bi Sikitu alipandisha sauti ili amalize kuipima, na mtaa ukasikia. Waziri alisema kwamba Taifa limefikika kwa asilimia mia moja na nne. Alisema mataifa makubwa yanatuma wataalamu kuja kujifunza jinsi ya kufikika. Alisema yeye binafsi amefikika. Kisha, baada ya kunywa maji, alisema bado kuna nyumba chache korofi zisizo na Cheti, na serikali haiwezi kuvumilia kuona mwananchi mwenye kiti mwendo akiishi ndani ya nyumba isiyofikika. Kwa hiyo, kuanzia Alhamisi ya mwisho wa mwezi, kila mwenye kiti mwendo anayeishi kwenye nyumba ya namna hiyo atahamishiwa, kwa daftari la serikali na kwa upendo, katika nyumba iliyofikika iliyo karibu naye kuliko zote.

Mtaa mzima ulipima kwa macho. Kati ya namba kumi na mbili na namba kumi na moja palikuwa na hatua kumi na nne.

Shekiondo alikohoa. “Milango sita,” akasema, kama mtu anayekumbuka tu.

*

Zilibaki siku kumi na saba. Kibwana alijaribu tena. Alikwenda asubuhi, mtaa ukiwa mtupu, akasimama chini ya lile baraza, akasema, “Nyumba yako imefi,” na hapo Shekiondo akatokea amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Pasi hiyo Kibwana aliijua. Mke wake ndiye aliyeitengeneza. Akasema, “Nimekuja kuuliza saa.” Akaambiwa saa.

Jioni ile alipomfuata Bi Sikitu alimkuta anamaliza kukaza skrubu, na Shekiondo amemshikia tochi. Kibwana hajawahi kuombwa kushika tochi. Alimchukua mkewe, akavuka naye, akampandisha. Alipofika ngazi ya tano akasema atajenga mteremko wake mwenyewe. Wa saruji.

Bi Sikitu alimwacha afike ngazi ya saba.

“Miaka mitatu nimekuomba mteremko,” akasema huku bado yuko mgongoni. “Umenipa mgongo. Leo Shekiondo ana mteremko ndipo saruji imepatikana.”

Kibwana akasema mgongo ulikuwa na ubaya gani.

“Hauna ubaya. Ila siwezi kutoka nao peke yangu.”

Kesho yake alileta mchanga.

Bi Sikitu ndiye aliyepima. Alikaa kitini chini na kamba na chaki, akamwambia kila futi moja ya kupanda inataka futi kumi na mbili za kwenda mbele, la sivyo mtu akishuka atakutwa sokoni. Ngazi saba zilikuwa futi nne. Futi arobaini na nane basi. Mteremko ulitoka mlangoni, ukapita chini ya dirisha, ukazunguka pembe ya nyumba, ukapumzika mahali pa bapa penye nafasi ya kiti kugeuka, ukashuka mpaka barabarani. Ukawekewa na kikingio cha bomba upande mmoja. Kibwana alichanganya zege kwa hasira na hasira ile ilifaa sana, kwani zege halikuwa na tundu hata moja. Bi Sikitu naye, kwa kuwa umeme haupo na hakuna cha kumrusha, alipitisha upya nyaya zote za nyumba. Aliweka waya wa ardhini, kitu ambacho katika nchi ile kilisomwa vitabuni tu. Aliweka fyuzi kila chumba, na swichi alizishusha mpaka kimo cha mtu aliyekaa. Kibwana ingembidi ainame kila atakapotaka taa, siku umeme ukirudi.

Siku zege lilipokauka Bi Sikitu aliteremka mwenyewe. Kibwana alitembea pembeni, mikono amenyoosha kama anayemfukuza kuku, asiguse. Walipofika chini ya mteremko Bi Sikitu alikuwa na uso ambao Kibwana aliwahi kuuona mara moja, zamani, siku walipoanza maisha. Akageuza kiti, akapanda. Akashuka tena. Kibwana aliingia ndani akakaa juu ya marobota ya sufi.

*

Bwana Ndimbo alikuja Jumatatu ya wiki ya mwisho. Alisimama mbele ya ule mteremko muda mrefu, na safari hii hakushangaa kwa furaha. Alishangaa kweli.

“Hiki ni nini, Mzee Chambuso?”

“Mteremko.”

“Siuoni mteremko. Mteremko ni wa bluu.”

Kibwana akasema watu wanaweza kupita. Bi Sikitu, asiyependa maneno, akapita, juu na chini, mbele ya macho ya serikali. Bwana Ndimbo akafumba macho kwa heshima mpaka alipomaliza. Kisha akaeleza kwa upole, kwani alikuwa muungwana. Kiwango cha Taifa kilipatikana kwa kupima miteremko yote ya mji iliyofaulu, nyumba elfu sita mia mbili na kumi na moja, na jambo la ajabu ni kwamba yote ilikuwa na urefu ule ule, rangi ile ile, na msumari ule ule uliopinda upande wa kushoto. Wataalamu walilia walipoona usawa wa namna ile. Kwa hiyo mteremko halali una urefu wa hatua tatu, ni wa mbao, una msumari uliopinda, na unabebeka na watu sita.

“Huu wako,” akasema, akajaribu kuusukuma kwa mguu, “haubebeki.”

Upande wa umeme alikuwa na fomu yenye swali moja. Taa zinawaka? Kibwana akasema haziwaki, mmezikata. Bwana Ndimbo akaandika: haziwaki, mfumo ni mbovu. Bi Sikitu akauliza, na zingekuwa zinawaka? Bwana Ndimbo akasema basi ingekuwa ni wizi, bibi, maana kibali hamna.

Akajaza Amri ya Kuvunja, akampa Kibwana. Katika nchi ile mwenye kuvunjiwa ndiye aliyepeleka amri yake mwenyewe kutiwa saini. Ilionekana ni heshima kwa mwananchi. Wa kutia saini alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Kufikika, makao makuu, na yeye huyohuyo ndiye aliyekuwa na kalamu ya daftari la kuhamisha watu.

Shekiondo alikuwa barazani kwake, anapangusa meza ya Bi Sikitu kwa kitambaa, kona moja moja.

*

Mlango wa makao makuu ulikuwa sawa na barabara, kwa sababu jengo lilichorwa kabla ya sheria kutungwa. Ndani palikuwa na kibao: WENYE VITI MWENDO WAHUDUMIWE GHOROFA YA TANO. Karibu na kibao palikuwa na lifti inayong’aa, na karatasi imebandikwa: Haina kibali.

Bi Sikitu alikiacha kiti kwa mlinzi, akafungwa mgongoni kwa kanga, faili na begi la koleo wakavishika pamoja. Ngazi zilikuwa tisini na mbili. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu Kibwana Chambuso alikuwa na furaha. Alihema, alitokwa jasho, magoti yalilia, na kila alipopishana na mtu alisalimia kwa sauti kubwa ili aonekane.

Mkurugenzi Mkuu aliitwa Mwidini. Walimkuta nyuma ya meza, na alipoizunguka kuja kuwapokea wakaona kwamba naye yumo kitini, kiti cha zamani cha chuma. Alikuwa ameteuliwa miaka tisa nyuma, kuonyesha ulimwengu. Siku ile wanajeshi wanane walimpandisha ghorofa tano na bendi ya shaba ikatangulia. Waraka wa kumpandisha ulikuwepo. Wa kumshusha haukuandikwa. Chakula kilipanda dirishani kwa kikapu na kamba. Alikuwa na kitanda nyuma ya kabati la mafaili, na mche wa nyanya kwenye kopo.

Kibwana alimweka mkewe kwenye benchi. Mkurugenzi alimtazama Bi Sikitu, Bi Sikitu akamtazama Mkurugenzi, na macho yao yalikuwa kimo kimoja.

“Gololi za magurudumu yako zinalia,” akasema Bi Sikitu.

“Za kushoto,” akasema Mkurugenzi. “Toka mwaka wa pili.”

“Unatia mafuta gani?”

“Ya kula.”

Wakacheka. Wakazungumza gololi, wakazungumza mipira ya magurudumu, wakazungumza viganja vinavyochubuka wakati wa mvua. Kibwana alisimama juu yao kama nguzo ya simu. Neno moja moja alilielewa, lakini mazungumzo hayakuwa yake, na alipotaka kuchangia akasema kwamba yeye hubeba. Walimwangalia kwa adabu wakaendelea. Akaanza kuhesabu vicheko na akapoteza hesabu. Shekiondo wa watu, akawaza, angalau ana miguu kama mimi.

Kisha Mkurugenzi alivuta faili, akachukua kalamu. Alisema samahani, amri ikifika mezani huwa anasaini, hajui jinsi nyingine.

“Huo mteremko unaouvunja umeuona?” akauliza Bi Sikitu.

“Dada yangu, tangu niteuliwe sijaona mteremko wowote.”

“Na lifti, nayo kibali chake kinatoka kwa nani?”

“Kwangu. Ila fomu inataka ikaguliwe kuanzia chini.”

Bi Sikitu akauliza mashine ya lifti iko wapi. Iko nyuma ya ukuta ule, akaambiwa, ndani ya kisanduku cha kijivu, anaisikia ikinyamaza. Kibwana akatumwa kumsogeza. Kisanduku kilipofunguliwa vumbi la miaka tisa likatoka, na ndani palikuwa na nyaya tatu nene, ncha zimezungushiwa utepe mweusi vizuri, na kikaratasi: Zisiungwe mpaka kibali. Hapakuwa na kilichoharibika. Lifti ilikuwa nzima siku zote.

“Nipe koleo,” akasema Bi Sikitu.

Kibwana alikuwa ameshika koleo. Akaangalia zile nyaya. Akaziona ngazi tisini na mbili za kurudi, na mzigo wake mgongoni, na watu wakisalimia. Akaiona lifti, ndogo, ya watu wawili waliokaa. Mkono wake wenye koleo ukaenda nyuma.

“Kibwana,” akasema mkewe, bila kugeuka. “Koleo.”

Wakati mwingine mtu huchelewa kwa muda wa kumeza mate tu, na muda huo unabaki naye maisha yake yote. Alimeza mate. Akampa.

Bi Sikitu aliunga nyaya kwa dakika sita. Taa ya lifti ikawaka ya manjano, mlango ukafunguka wenyewe, na Mkurugenzi Mkuu wa Kufikika akaanza kulia kimyakimya, kalamu bado iko mkononi. Kiti chake kikaingia. Nafasi iliyobaki ilitosha stuli moja, na Bi Sikitu akawekwa juu yake. Mlango ukajifunga mbele ya pua ya Kibwana.

Alishuka kwa miguu, mbiombio, mgongo mwepesi mpaka akawa anapepesuka. Kila ghorofa aliisikia lifti ndani ya ukuta ikimtangulia. Alipofika chini Bi Sikitu alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, mlinzi amemsaidia, anamsubiri.

“Mbona unahema hivyo,” akasema. “Twende. Mgeni anataka kuuona mteremko.”

Mkurugenzi aliuona. Alifika Mtaa wa Mafanikio saa tisa alasiri, akapanda futi arobaini na nane, akageuka pale penye bapa, akashuka. Akapanda tena. Mtaa mzima ulitoka kumtazama. Shekiondo alitoka na kikombe mkononi akasahau kunywa. Mkurugenzi alipanda na kushuka mara kumi na moja, mdomo wazi kama mtu anayepokea mvua. Mara ya kumi na moja hakusimama chini. Aliendelea na barabara, kalamu kaiweka sikioni, akapita namba kumi, namba nane, namba sita, mpaka alipokata kona.

*

Mkurugenzi Mwidini hakurudi. Kuna walioona kiti cha chuma kwenye barabara ya kusini, gololi kimya. Wizara inasema yuko kikaoni.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi daftari la kuhamisha watu lilifunguliwa na likafungwa, kwa kukosa kalamu. Amri ya Kuvunja ipo juu ya meza ghorofa ya tano, haina saini. Kibali cha lifti pia. Lifti inafanya kazi, kwa hiyo imebandikwa karatasi nyingine.

Ukaguzi wa mji ulisimama namba kumi na moja, kwa kuwa mteremko haukuchukuliwa kwenda namba kumi na mbili, na bila kumi na mbili huwezi kwenda mtaa wa pili. Mteremko wa bluu bado uko kwa Shekiondo. Mbuzi huulalia.

Bwana Ndimbo alipandishwa cheo. Katika ripoti yake taa za Kibwana Chambuso haziwaki, na kila Jumamosi akipita saa ya magharibi husimama chini ya taa ya namba kumi na mbili kuisoma tena ripoti hiyo. Nani aliyeuunganisha umeme haijaandikwa.

Waziri alisema Taifa limefika asilimia mia moja na tisa.

Shekiondo alioa mwaka uliofuata, mjane wa upande wa stesheni. Arusini majirani waliombwa wote waseme neno. Kibwana alisimama akasema, “Nyumba yako imefikika kuliko yangu.” Watu wakapiga makofi. Hakuomba kitu.

Bi Sikitu hutengeneza lifti. Hutoka saa moja asubuhi na begi la koleo mapajani, na mpaka sasa wakurugenzi watano wameshuka. Hurudi saa kumi na moja, mara nyingine kumi na mbili.

Kibwana bado anashona magodoro. Mgongo umempona. Jioni hukaa juu ya mteremko wake, mahali pa bapa, ambapo barabara ya mbele na ya pembeni zote zinaonekana, kwa maana hajui mkewe atatokea upande gani. Anapotokea humuuliza lifti ya leo ilikuwa ya watu wangapi.